Matairi ya baiskeli ya mlima kwa matope ya winta: lijue tope lako kwanza, tairi baadae

Kila mwaka ikifika Novemba simu yangu inaanza kuita, Waswahili wenzangu waliopo huku Uingereza ambao wameanza kupanda baiskeli za mlima, wote swali lao moja: kaka, ninunue tairi gani, nateleza kama nakanyaga sabuni. Na mimi kabla sijataja tairi lolote namuuliza, unaendeshea wapi? Manake kuna mtu anaweka tairi la meno marefu kabisa halafu njia zake zote ni changarawe, anachoka bure na tairi linaisha ndani ya miezi miwili, na kuna mwingine yuko kwenye mfinyanzi mtupu na tairi lake lina vimeno vidogo kama vya tairi la mjini. Mimi niko Sheffield, sehemu ya mji wetu imeingia ndani ya Peak District kabisa, ile hifadhi ya taifa yenye milima, huu ni winta wangu wa saba kwenye tope la huku, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho na kwa magoti pia. Nimeyapanga kwa hatua, zifuate kwa mpangilio huuhuu hata kama unatamani kuruka moja kwa moja kwenye majina ya matairi.

Hatua ya 1: Lishike tope kwa mkono

Nenda kwenye njia unayopita mara nyingi, siku moja baada ya mvua, shuka kwenye baiskeli. Chukua kijiti ukichomeke kwenye tope mpaka kigonge ardhi ngumu halafu ukitoe uangalie tope limeishia wapi. Likiishia sentimita tatu au nne, una tope la juujuu na chini kuna ardhi ngumu, na hapa tairi la meno marefu linafanya kazi nzuri mno kwa sababu linapasua lile tope na kushika kule chini. Kijiti kikizama chote bila kugonga kitu basi hamna tairi la kukusaidia, na pia unaiharibu njia ya watu, geuza tu upite kwingine.

Sasa chota tope kidogo ulisokote kwa vidole kama unataka kutengeneza kijinyoka. Likikatikakatika hilo lina mchanga ndani, maji yanapita haraka, ndo udongo wa sehemu nyingi za Surrey Hills, vilima vya kusini mwa London, winta wake sio mbaya. Likitoa kijinyoka kirefu kinachong'aa huo ni mfinyanzi, na huo ndo adui, unanata kwenye tairi, unanata kwenye fremu, tairi linajaa linakuwa duara laini lisilo na jino hata moja. Waliokulia kwenye udongo mweusi wa mbuga wanaelewa, ule ambao ukitembea hatua kumi kila ndala ina uzito wa tofali. Nyumbani tunakutana nao masika, huku unaweza kuwa nao kuanzia Novemba mpaka Machi kwa sababu jua lenyewe Desemba hapa Sheffield ni kama saa saba na nusu kwa siku na halina joto la kukausha kitu.

Aina nyingine ya utelezi haina tope kabisa, ni mizizi na mawe yaliyolowa yenye ukoga. Watu wengi wanaanguka hapa kuliko kwenye tope lenyewe. Jino refu halina pa kuzama kwenye mzizi, kinachokushikilia pale ni ulaini wa raba, hilo nitalirudia huko mbele kwa sababu ndo sehemu watu wanayokosea sana. Huku kwetu Dark Peak, yaani upande wa kaskazini wa Peak District, una vyote kwa pamoja, udongo mweusi wa mboji unaokaa na maji kama sponji na katikati yake mabamba ya mawe. Ukienda Chilterns, vilima vya kaskazini magharibi mwa London, una mfinyanzi wenye mawe ya gumegume ndani yake, yale yanakata ubavu wa tairi kama kisu. South Downs, vilima vya kusini karibu na pwani, ni chokaa nyeupe, ikilowa unaweza kuteleza umesimama.

Halafu kuna njia zilizotengenezwa maalumu kwa baiskeli, kama Coed y Brenin na Llandegla kule Wales au Glentress Scotland. Zile zimewekwa kokoto na zina mitaro ya maji. Kama winta yako yote unaendesha sehemu kama hizo, tairi la matope usinunue, baki na tairi lako la kawaida lenye meno ya kutosha, badilisha raba tu iwe laini zaidi kwa mbele.

Hatua ya 2: Pima nafasi kwenye fremu kwa penseli

Chukua penseli ya kawaida, unene wake ni kama milimita saba. Ipitishe kati ya tairi na fremu kila upande, kwenye mabomba ya nyuma karibu na kanyagio ndo pabaya zaidi, halafu juu karibu na siti, halafu kwenye foku, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Penseli ikipita bila kugusa sehemu zote uko salama. Isipopita, hilo tairi ni pana mno kwa winta hata kama kiangazi halikuwahi kukusumbua.

Hii hatua nailazimisha kwa sababu iliniuma. Winta yangu ya pili duka moja liliniuzia tairi la inchi 2.6 la nyuma, nikaambiwa pana ndo linashika zaidi, nikaamini. Nilikuwa juu mlimani, mfinyanzi ukajaa kati ya tairi na bomba mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, nakwangua kwa kijiti, nasogea mita hamsini, limejaa tena, nikaishia kuibeba baiskeli begani karibu saa nzima na giza linaingia. Nilipoiosha nyumbani nikaona rangi ya fremu imeliwa mpaka chuma kimetoka, kwa sababu lile tope lina chembe za mawe ndani, gurudumu likilazimisha kuzunguka ni kama unapiga msasa fremu yako mwenyewe. Nililitazama lile kovu muda mrefu, ile fremu niliinunua kwa kujinyima.

Kwa matope upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 unatosha watu wengi. Tairi jembamba linazama haraka na kufika kwenye ardhi ngumu, tairi pana linaelea juu ya tope na ukielea huna usukani. Kumbuka pia rimu inabadilisha upana, tairi lilelile la 2.4 kwenye rimu yenye upana wa ndani milimita 25 na kwenye ya milimita 35 ni vitu viwili tofauti, lile la pili linatanuka, kwa hiyo pima likiwa limevaa na lina upepo, usitegemee namba ya kwenye boksi.

Hatua ya 3: Soma ubavuni

Ubavuni mwa tairi ulilonalo kuna namba kama 61-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. 622 ndo inayoitwa 29, 584 ndo 27.5, na 559 ni zile 26 za zamani. Namba ya pili lazima ifanane na rimu yako hasa, hapo hamna kukadiria. Baiskeli nyingi za siku hizi zina 29 mbele na 27.5 nyuma, wapo walioagiza matairi mawili ya saizi moja wakakuta moja haliingii, angalia yote mawili. Angalia pia kama limeandikwa linakubali kufungwa bila tyubu, na tafuta mshale wa mwelekeo wa kuzunguka.

Hatua ya 4: Meno

Sasa tumefika kwenye kashata zenyewe, yaani meno ya tairi. Angalia vitu vitatu: urefu wa jino, nafasi kati ya jino na jino, na meno ya pembeni.

Tairi la kiangazi la mbio lina meno ya milimita mbili au tatu, yamebanana. Tairi la matope lina meno ya milimita sita, saba au zaidi na yameachana sana, unaweza kuweka kidole cha mwisho katikati. Ile nafasi ndo inayolisafisha tairi, gurudumu likizunguka kwa kasi tope linarushwa nje kwa sababu halina pa kukwama. Ndo maana pia kwenye mfinyanzi ukienda polepole sana tairi linajaa na ukiongeza mwendo kidogo linajisafisha, utaliona tope linaruka mbele yako kama mawe.

Kuna makundi mawili, na kuchagua kati yake ndo uamuzi mkubwa wa makala hii yote. Kundi la kwanza ni miiba kamili, meno marefu membamba kama misumari, mfano Maxxis Wet Scream, Schwalbe Dirty Dan au Continental Hydrotal. Hayo ni ya siku mbaya kabisa na ya mashindano ya kushuka mlima. Kwenye tope zito ni mazuri ajabu, ila ukifika kwenye jiwe au lami yale meno yanajikunja, baiskeli inayumba chini yako unahisi kama tairi limetoka upepo. Mafundi wa timu za mashindano wanayakata ncha kwa koleo ili yapungue kujikunja pale njia inapokuwa na tope nusu na mawe nusu.

Kundi la pili ni nusu miiba, meno marefu yaliyoachana lakini manene kidogo na magumu shinani: Maxxis Shorty, Specialized Hillbilly, Continental Argotal, na Schwalbe Magic Mary ambayo wengi wanaifunga mbele mwaka mzima. Mtu wa kawaida anayetoka Jumamosi asubuhi, anapita lami kidogo, msitu kidogo, mawe kidogo, achukue kundi hili. Mimi binafsi miiba kamili nimeimiliki mara moja tu nikampa mtu, kwa sababu kwenye mabamba ya mawe ya huku iliniogopesha kuliko tope lenyewe.

Meno ya pembeni yawe makubwa na mstari wake uwe umenyooka bila mapengo makubwa, ndo yanayokushika ukiilaza baiskeli kwenye kona au ukikatiza mteremko kwa ubavu. Tairi ambalo katikati limejaa meno na pembeni vimebaki vidude viwili vitatu, kwenye tope litakutupa bila onyo.

Hatua ya 5: Raba

Hapa ndo pesa zenu zinapotea. Tairi moja lenye jina lilelile na meno yaleyale linauzwa kwa raba tofauti, na la bei rahisi mara nyingi lina raba ngumu. Kwenye joto la nyuzi 20 unaweza usione tofauti kubwa, ila raba kwenye baridi inakakamaa, na ikiwa nyuzi 3 asubuhi ile raba ngumu inakuwa kama plastiki ya ndoo, ukigusa mzizi uliolowa hujui hata umeangukaje.

Kwa hiyo soma jina la raba. Maxxis laini zaidi wanaiita MaxxGrip, inayofuata MaxxTerra. Schwalbe wana Addix, na wanatofautisha kwa mstari wa rangi kwenye tairi, zambarau ndo laini kabisa, halafu chungwa, halafu bluu, nyekundu ndo ngumu ya mbio. Kama uko dukani fanya hivi, bonyeza jino kwa ukucha wa kidole gumba halafu achia. Raba laini inabonyea na inarudi polepole, ukucha unaacha alama unaiona inafutika mbele ya macho yako. Raba ngumu inakurudisha papo hapo. Ukiweza lijaribu likiwa la baridi, mimi niliwahi kuweka matairi mawili nje usiku kwenye baridi kali, asubuhi nikayabonyeza yote mawili kwa kidole kilekile, lile la raba ngumu lilikuwa kama kisigino cha kiatu cha shule na lile laini bado lilikuwa linabonyea.

Ubaya wa raba laini ni mbili, nzito kukanyaga kwenye lami na inaisha haraka. Ndo maana unaiweka mbele tu.

Hatua ya 6: Mbele kwanza

Kama una hela ya tairi moja, na tairi zuri huku ni kati ya pauni 50 na 70 kwa hiyo wengi tuna hela ya moja, weka mbele. Nyuma ikiteleza unarekebisha kwa kiuno, unaweza hata kucheka ukaendelea, ila mbele ikiteleza umeshafika chini. Mbele weka nusu miiba yenye raba laini kabisa. Nyuma weka tairi lenye meno ya wastani na raba ya kati, Maxxis DHR II ni mfano wa tairi la nyuma linalovuta vizuri na kushika breki bila kukuchosha, na kama lako la sasa bado lina meno liache hapohapo. Lililobaki kipara toa, kipara nyuma kwenye mlima wa tope maana yake unashuka unasukuma.

Wanaoendeshea kwenye mfinyanzi tu, wao waweke nusu miiba mbele na nyuma, tena ya nyuma iwe nyembamba kidogo kuliko ya mbele ili fremu ipate nafasi.

Kuhusu ganda la tairi, yaani unene wa ubavu, sitakaa sana. Sehemu za tope tupu bila mawe ganda jepesi linatosha. Chilterns na huku kwetu kwenye mawe, chukua ganda la kati nyuma hata kama linaongeza uzito, mfano EXO+ kwa Maxxis au Super Trail kwa Schwalbe, kwa sababu kwenye tope hulioni jiwe mpaka limeshakata.

Hatua ya 7: Kulivalisha

Nafunga bila tyubu, tubulesi, na nawashauri wote mfanye hivyo winta, kwa sababu unaweza kushusha upepo bila tyubu kubanwa na rimu ikatoboka. Safisha rimu kwa kitambaa, kagua utepe wa ndani kama haujapasuka, angalia mshale wa mwelekeo (nimeona watu wameweka kinyume wakalalamikia tairi), ingiza upande mmoja kwa mkono, halafu wa pili, ukianzia mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu, na waya wa tairi usukumie katikati ya rimu kwenye kile kibonde ili upate ulegevu. Leva za plastiki za kuvalishia tairi tumia mwishoni tu, za chuma zitachubua rimu. Mwaga dawa ya pancha, tairi la 29 la 2.4 linataka kama mililita 100 hadi 120. Pakaa maji ya sabuni pembeni, jaza upepo kwa haraka mpaka usikie pa, pa, ule mlio ndo tairi linakaa. Usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni. Likigoma peleka kwa fundi mwenye kompresa, ni kazi ya dakika mbili.

Dawa hiyo inakauka, kwa hiyo kila miezi miwili mitatu fungua valvu uongeze.

Hatua ya 8: Upepo

Mtu wa kilo 75 na tubulesi, anza na psi 20 mbele na 23 nyuma (psi ni kipimo cha presha ya upepo), kwa kipimo kingine cha bar ni kama 1.4 na 1.6. Mzito zaidi ongeza, mwepesi punguza, kama una tyubu ndani ongeza psi nne au tano zote mbili. Kisha badilisha psi moja moja ukiwa njiani, pita kona ileile mara tatu na usikilize. Rimu ikigonga jiwe au tairi likijikunja kwenye kona, ongeza. Baiskeli ikirukaruka juu ya mizizi badala ya kuifuata, punguza. Nunua kipimo kidogo cha kidijitali, kubonyeza kwa kidole hakukuambii tofauti ya 20 na 24 na hiyo tofauti kwenye mizizi ni kubwa.

Na hili wengi hawalijui: hewa ikipoa inasinyaa. Ukijaza psi 25 ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 ukatoka nje kwenye nyuzi 0, tairi linakuwa na kama psi 22 na nusu, hujafanya kitu na hamna pancha. Kwa hiyo itoe baiskeli nje, iache nusu saa, ndo upime.

Hatua ya 9: Jaribio la kwanza na utunzaji

Siku ya kwanza usiende kwenye mteremko unaouogopa. Tafuta mteremko mfupi wenye tope unaoujua, ushuke mara tano, mara ya kwanza bila kukata kona kali. Meno mapya yana uso laini unaong'aa na vinywele vya raba, yanateleza kidogo mpaka yachubuke, kwa hiyo usilihukumu tairi kwa dakika kumi za kwanza. Pale kwenye lami kabla ya msitu utasikia mvumo, ni kawaida.

Funga na madigadi, la mbele hasa, tope linalorushwa na meno marefu linakuja usoni moja kwa moja na usipoona njia hata tairi zuri halina kazi. Kwa England hakikisha uko kwenye njia ya farasi na sio ya waenda kwa miguu, sheria ya 1968 ndo iliyoturuhusu baiskeli kwenye njia za farasi, tuitunze ruhusa hiyo kwa kupita katikati ya dimbwi badala ya kulizunguka na kuipanua njia.

Ukirudi nyumbani osha kwa ndoo na brashi tope likiwa bado bichi, kisha zungusha gurudumu polepole uangalie meno shinani. Jino likianza kuchanika pale chini, mstari mwembamba kama ukucha, hilo litang'oka, na yakichanika matatu manne ya pembeni upande mmoja tairi la mbele lihamishie nyuma. Njia zikikauka Aprili litoe, meno marefu yanajikunja na kuliwa haraka sana kwenye ardhi kavu, lifute, litundike mahali penye giza pasipo joto, na uandike kwenye karatasi miezi uliyolitumia, ili Novemba ukilishika tena ujue limebakiza nini.